Mlango wa Fundi

Agosti 1982, katika taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California, Jon Postel alikamilisha waraka uliopewa namba 821. Ulieleza namna kompyuta moja inavyoikabidhi nyingine barua pepe. Barua zenyewe hazikuwa ngeni: Ray Tomlinson alikwisha kutuma ya kwanza mwaka 1971, baina ya mashine mbili zilizokaa jirani mjini Cambridge, Massachusetts, na kwa miaka iliyofuata barua zilisafiri kwa kudandia itifaki ya kuhamishia mafaili. Postel alizipa njia yao zenyewe. Lakini kilichoamua maisha ya mafundi wa seva mpaka leo ni jambo dogo ambalo waraka ule ulilirithi kutoka miaka ya sabini: mashine zitazungumza kwa maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma, na kila jibu litaanza na tarakimu tatu.

Fundi akijiunganisha na seva kwenye poti namba 25, seva humpokea kwa 220 na kutaja jina lake. Fundi huandika HELO na jina la mashine yake, kisha MAIL FROM kumtaja mtumaji, RCPT TO kumtaja mpokeaji, na DATA kuanza barua. Akimaliza huweka nukta peke yake kwenye mstari. Jibu la 250 maana yake barua imepokelewa. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ikiwa 2, mambo shwari. Ikiwa 4, kuna kikwazo cha muda, rudi baadaye: diski imejaa, au sanduku la mpokeaji limeshikwa na kazi nyingine. Ikiwa 5, usijisumbue kurudi. Maneno yanayofuata tarakimu ni ya binadamu, mashine haiyatazami.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha uchunguzi hakikuhitaji kubuniwa. Telnet, programu ya kujiunganisha na mashine ya mbali, ilikuwepo tayari. Aliyeambiwa kwamba barua za mhasibu haziendi aliweza kujifanya seva, akaandika mistari minne kwa mkono, akaona upande wa pili unagoma kwenye mstari upi na kwa maelezo gani. Sijui chombo kingine cha kazi hiyo kilichodumu kiasi hicho bila kuzeeka.

Postel aliongeza amri mbili za ukarimu. VRFY ilimuuliza mwenye nyumba: je, unaye mtu anayeitwa hivi? EXPN iliomba orodha ya kundi ifunguliwe, jina kwa jina. Na mwezi huo huo David Crocker, katika waraka wa 822, aliweka sawa umbo la barua yenyewe, pamoja na mistari ya Received ambayo kila seva inayoipitisha barua huibandika juu, ikiwa na jina lake na saa. Ukiisoma kutoka chini kwenda juu, unaiona safari nzima, na unaona ilikwama wapi kwa saa sita. Katika mtandao wa mashine mia chache, ambako wasimamizi walijuana kwa majina, hakuna aliyeona sababu ya kufunga milango.

Huko Berkeley, Eric Allman alikuwa na tatizo la jirani. Maabara yake ya mradi wa hifadhidata wa INGRES ilikuwa na mashine iliyounganishwa na mtandao wa ARPANET, na kila mtu wa idara alitaka aingizwe humo. Allman aligundua kwamba wengi hawakutaka mashine. Walitaka barua tu. Mwaka 1979 akaandika programu ya kuzipitisha barua kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, akaiita delivermail. Kazi ilikuwa na vurugu. Kila mtandao ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani: mmoja kwa alama za mshangao, mwingine kwa nukta mbili, wa tatu kwa alama ya @ tunayoijua. Mrithi wake, Sendmail, alisambazwa na mfumo wa BSD mwaka 1983 na kuenea katika vyuo, maabara na kampuni.

Sendmail iliweza karibu kila kitu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Faili lake la mipangilio lilijaa alama za dola, nyota na herufi mojamoja, kiasi kwamba msimamizi aliyelirekebisha Ijumaa hakuwa na hakika ameandika nini ifikapo Jumatatu. Allman alilijua hilo, akaweka njia za kuchungulia ndani. Kulikuwa na hali ya majaribio ambamo unaipa anwani nayo inakuonyesha inavyobadilishwa, kanuni baada ya kanuni, mpaka mwisho. Kulikuwa na hali ya kusema kila kitu kwa sauti. Na kulikuwa na amri ya DEBUG, iliyoweza kutolewa kutoka mbali, kupitia poti ile ile ya 25.

DEBUG ilimruhusu fundi apime kama barua zinafika kituoni bila kuwa na akaunti kwenye mashine husika. Badala ya kumtaja mtu kama mpokeaji, aliweza kuitaja programu, na mwili wa barua ukamiminwa ndani ya programu hiyo na kutekelezwa. Kwa anayehangaika na mipangilio ya Sendmail, huo ulikuwa msaada mkubwa. Kinadharia ilipaswa kuzimwa kabla ya mashine kuanza kazi halisi. Lakini watengenezaji kadhaa waliuza mifumo yao ikiwa imewashwa, na wasimamizi wengi wakaiacha hivyo, kwa kuwa nani anajua lini ataihitaji tena?

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye mtandao mnyoo, yaani programu inayojinakili. Aliizindua kupitia mashine ya MIT ili asijulikane. Iliingia kwa njia kadhaa: kwa kubahatisha nywila, kwa kasoro katika huduma ya finger, kwa mashine zilizoaminiana, na kwa DEBUG ya Sendmail. Ilijitambulisha kama mtuma barua, ikaomba hali ya uchunguzi, ikataja programu mahali pa mpokeaji, na mwili wa barua ukawa maelekezo ya kuileta iliyobaki. Kikulacho ki nguoni mwako. Seva haikuvunjwa; ilitii amri iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kuitengeneza.

Morris alidhani nakala yake ikikuta nyingine imetangulia kwenye mashine, moja itajiua. Akaweka tahadhari: mara moja katika kila saba, nakala isikubali kufa, ili wasimamizi wasiweze kuidanganya. Hesabu hiyo ilikuwa mbaya. Mashine za VAX na Sun zilijaa nakala hadi zikashindwa kufanya kazi nyingine yoyote. Makadirio yaliyozoeleka ni mashine 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye mtandao wakati huo. Namba ya kwanza ilikuwa kisio zaidi kuliko hesabu, na mimi naitaja kwa sababu kila mtu huitaja.

Usiku ule una kisa ninachokiona kikubwa kuliko mnyoo wenyewe. Rafiki wa Morris pale Harvard, Andy Sudduth, mpiga makasia aliyekuwa amepata medali ya fedha katika Olimpiki ya 1984, alikubali kutuma onyo bila jina. Saa tisa na nusu usiku alituma ujumbe mfupi wenye tiba: rekebisheni finger, na jengeni upya Sendmail bila DEBUG. Tiba ilikuwa sahihi. Lakini aliituma kwa barua pepe. Njia zilikuwa zimeziba, na wasimamizi waliokuwa na hofu walikuwa wakichomoa mashine zao mtandaoni moja baada ya nyingine. Ujumbe ulichelewa zaidi ya siku nzima. Keith Bostic wa Berkeley naye alitoa kiraka cha Sendmail asubuhi ya tarehe 3, nacho kikakutana na ukuta ule ule: waliojikinga kwa kukata barua walikuwa wamekata pia habari za namna ya kupona. Mafundi walirudi kwenye simu.

Morris alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Novemba ile ile ya 1988, serikali ya Marekani iliunda kituo cha CERT pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kiwe mahali pa kupigia simu wakati kama ule. DEBUG iliondolewa. Miaka ya tisini, barua taka zilipoanza kuwa biashara, zamu ya VRFY na EXPN ikafika: walaghai walizitumia kuvuna anwani. Seva nyingi zikafundishwa kujibu 252, jibu la kistaarabu lisilosema kitu: siwezi kumthibitisha mtu huyo, ila lete barua nijaribu. Ukarimu mwingine wa zamani, wa seva kumpokelea na kumpelekea barua mtu yeyote, ulizimwa katika toleo la 8.9 la Sendmail mwaka 1998. Waliochelewa kuuzima walijikuta kwenye orodha nyeusi iliyoanzishwa na Paul Vixie na wenzake, na barua halali za ofisi zao zikaanza kurudishwa na seva za nusu ya dunia. Hapo ndipo fundi alipopata swali jipya la kuuliza kabla ya yote: je, anwani yetu imeorodheshwa?

Telnet ilibaki. Ushahidi wake unaopendwa kuliko wote ni kisa alichokiandika Trey Harris mwaka 2002, kuhusu kazi yake ya kusimamia mifumo ya chuo kikuu huko Marekani katikati ya miaka ya tisini. Mwenyekiti wa idara ya takwimu alimpigia simu kulalamika kwamba barua zao haziendi mbali zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800. Harris alitaka kucheka. Lakini watu wa takwimu hawakurupuki: walikuwa wamekusanya data kwa siku kadhaa, na mtaalamu wao mmoja alishachora ramani. Harris akajaribu mwenyewe. Barua kwenda New York ilifika. Kwenda Providence, mbele kidogo, ilikwama. Princeton ndiyo, Memphis hapana.

Alipojiunganisha na poti 25 ya seva ile, salamu ya 220 ikamwambia toleo la Sendmail: la zamani, namba 5, lililokuja na mfumo wa SunOS. Yeye alikuwa ameweka la 8. Fundi wa kuajiriwa alikuwa ameusasisha mfumo wa seva, na katika kuusasisha akairudisha Sendmail nyuma bila kujua, huku faili la mipangilio la toleo jipya likibaki pale pale. Toleo la 5 halikuelewa majina marefu ya vipengele vya toleo la 8, likayaruka, na muda wa kusubiri muunganisho ukabaki sifuri. Kwenye mashine hiyo, sifuri ilimaanisha kukata tamaa baada ya milisekunde tatu na ushei. Mtandao wa chuo ulikuwa wa swichi tupu, hivyo ucheleweshaji ulitokana hasa na umbali. Harris akakokotoa mwanga unafika umbali gani kwa milisekunde tatu, akapata maili 558.

Wajuzi wameikosoa hesabu hiyo, na kwa haki: ndani ya nyuzi za kioo mwanga hupungua kasi kwa takriban theluthi moja, na muunganisho unahitaji kwenda na kurudi. Harris mwenyewe alikubali kwamba mengine ameyanyoosha ili kisa kinoge. Mimi nakikubali kwa sababu nyingine. Kwanza, ugonjwa ulionekana kwenye ramani kabla ya kuonekana kwenye logi. Pili, kama seva ile ingekuwa imefungwa Dar es Salaam au Nairobi miaka hiyo, kisa kisingekuwepo. Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi pwani yetu Julai 2009, njia yetu ya nje ilipita angani, kwenye setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi ni nusu sekunde au zaidi. Hakuna hata barua moja ingetoka nje, na yeyote angesema tu: seva imekufa.

Wakati Harris anapima maili, ofisi zilikuwa zinahamia kwingine. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa Exchange Server 4.0, toleo lake la kwanza licha ya namba hiyo. Ilikuwa na kalenda, kitabu cha anwani cha kampuni nzima, na barua zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata moja kubwa. Nje ilizungumza lugha ya Postel, ndani haikusomeka. Fundi aliyezoea kufungua sanduku la barua kama faili la maandishi alikutana na faili la namba tupu, akawa tegemezi wa zana za mtengenezaji.

Zana kuu ilikuwa Eseutil, programu ya kuandika kwenye dirisha jeusi. Ilikagua hifadhidata, iliibana, na kwa amri ya kukarabati ilitupa kurasa zote isizozielewa, hata kama ndani yake mlikuwa na barua za mkurugenzi. Wengi waliikimbilia kabla ya kujiuliza seva inaumwa nini. Mara nyingi ilikuwa haiumwi: kwenye matoleo ya kawaida hifadhidata ilikuwa na kikomo cha gigabaiti 16, na ikifikia hapo ilijifunga. Kikomo hicho kilipandishwa hadi 75 kwa kifurushi cha masasisho cha Exchange 2003 kilichotoka 2005. Au diski ilikuwa imejaa faili za miamala, megabaiti tano kila moja, kwa kuwa nakala rudufu, ambayo ndiyo huzisafisha, haikuchukuliwa kwa wiki kadhaa. Ofisi nzima inasimama, na tiba ni kufanya kazi iliyoahirishwa.

Kisha ilikuwepo -1018, namba ambayo waliofanya kazi na Exchange miaka hiyo wanaikumbuka kwa uchungu. Ilimaanisha ukurasa uliosomwa kutoka diski si ule ulioandikwa. Kosa lilikuwa karibu kila mara la diski, kidhibiti chake au programu yake ya ndani, lakini aliyelitaja ni Exchange, na anayeleta habari mbaya ndiye hulaumiwa. Wahandisi wa Microsoft walitumia miaka kubishana na wauzaji wa vifaa. Ilipobainika kwamba baadhi ya kurasa hizo zilikuwa zimeharibika biti moja tu, wakaweka mwaka 2004 uwezo wa hifadhidata kujisahihisha biti hiyo yenyewe.

Microsoft wenyewe nao hawakusalimika. Tarehe 14 Oktoba 1997 mfanyakazi mmoja wa Microsoft aligundua yumo kwenye orodha asiyoijua, yenye jina la Bedlam DL3, akawaandikia wanaorodha wote aulize kwa nini. Orodha ilikuwa na anwani kama 13,000. Watu wakajibu kwa wote: hata mimi, nitoeni. Wengine wakajibu kwa wote kuwaambia wenzao waache kujibu kwa wote. Kwa mujibu wa mhandisi wao Larry Osterman, ndani ya saa moja hivi zilizalishwa barua milioni 15, gigabaiti 195 za data. Sehemu ya kusambazia barua ilizidiwa ikaanguka. Ikiwashwa, inaikuta foleni ile ile inaisubiri, inaanguka tena. Ilichukua siku mbili kusafisha. Baada ya hapo Exchange iliwekewa kikomo cha idadi ya wapokeaji, na waliokuwepo wakatengenezewa fulana.

Mwaka 2004 ilitoka zana ya bure iliyopitia mipangilio ya Exchange na kuilinganisha na mamia ya kanuni za wataalamu, kisha ikamwambia msimamizi nini hakijakaa sawa. Mwaka 2009 ikafuata nyingine iliyoigeuza kazi: badala ya kuchungulia ndani, inaijaribu seva kutoka nje, mahali alipo mfanyakazi mwenye simu au kompyuta ya mapajani. Inauliza jina la eneo, inafuata anwani, inakagua cheti, inabisha hodi. Ni zana nzuri. Ila baadhi ya vipimo vyake vinahitaji jina la mtumiaji na nywila yake, na ukurasa wenyewe humwonya msimamizi atumie akaunti ya majaribio, si ya mtu halisi. Miaka 21 baada ya Morris, somo la DEBUG lilikuwa limeandikwa mlangoni.

Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka vya dharura. Mtafiti wa kampuni ya DEVCORE ya Taiwan, Orange Tsai, alikuwa ameripoti Januari kasoro katika sehemu ya mbele ya Exchange, ile inayopokea wageni kutoka intaneti na kuwapitisha ndani. Mtu asiye na nywila aliweza kuifanya seva imchukulie kama mwenyewe, kisha akaacha humo faili dogo la kupokea amri kutoka mbali. Kundi ambalo Microsoft ililiita Hafnium, na kulihusisha na China, lilikuwa tayari kazini, mengine yakafuata. Microsoft ilitoa skripti ya kupekua logi kutafuta nyayo zao, na tarehe 15 Machi chombo cha kubonyeza mara moja, kwa ajili ya ofisi ndogo zisizo na fundi wa kudumu.

Mamia ya seva zilizovamiwa nchini Marekani hayakusafishwa na mtu. Aprili, FBI ilipata kibali cha mahakama huko Texas, ikafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: iliingia kwenye seva za watu binafsi bila kuwajulisha kwanza, kwa kutumia faili zile zile zilizoachwa na wavamizi, ikanakili ushahidi, kisha ikaziamuru faili hizo zijifute. Haikuweka viraka, wala haikutafuta kingine kilichoachwa ndani. Tarehe 13 Aprili Wizara ya Sheria iliitangaza operesheni hiyo na kueleza namna wenye seva watakavyopewa taarifa. Wale ambao anwani zao zinapatikana hadharani, ilisema wizara, FBI itawaandikia barua pepe.